Kahawa ya Boila Mbili

Jumatatu, 13 Januari

Assalamu alaikum, utakayesoma haya, nawe si mwingine ila mimi mwenyewe. Hujambo? Goti limepoa? Mie leo mzima, alhamdulillahi, na nimefunga. Unga wa mahamri nimeukanda, nimeufunika, waumuka. Mume wangu, Bwana Omari, yuko chini achonga mlango wa watu, na vumbi lapanda ngazi mpaka kwenye nguo nilizoanika. Nimesema asubuhi. Kesho nitasema tena.

Saumu kapiga simu kutoka Mombasa. Binti yangu akianza na "Mama, umekaa kitako?" najua kuna jambo. Jirani yake, Mama Nuru, ahama na auza vyombo vya nyumba. Ile mashine ya kahawa pia aiuza.

Nilisimama, goti na maumivu yake. Kweli tupu.

Mwaka jana Saumu alipojifungua nilikwenda kumlea arubaini yake, nikafuatana na Rukia. Kila asubuhi Mama Nuru alitupitishia vikombe viwili vya kahawa ya maziwa. Povu zito juu, na chini yake kahawa nzito, nyeusi, yenye harufu ya kitu kilichokaangwa sasa hivi. Rukia alifuta kikombe kwa kidole. Mwanamke mwenye wajukuu. Akasema, "Kahawa hii ingekuwa kwetu Amu, mimi Amu sitoki mpaka nitolewe na jeneza."

Rukia ni jirani yangu, na rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukisomea juzuu moja kwa zamu. Dirisha lake na langu yatazamana juu ya kichochoro. Sahani hupita mkono kwa mkono. Mumewe alifariki, Mungu amrehemu, na sasa yumo edani, hatoki nyumbani. Mwisho wa mwezi huu amaliza. Mwanawe Swaleh ataka kumhamishia Mombasa akakae naye.

Sitaki aende. Nimeliandika, basi.

Jumatano, 15 Januari

Nimepata wazo, na wazo lenyewe halinipi usingizi wa mchana.

Nitainunua mashine. Siku Rukia akimaliza eda nitamfungulia mlango wa jiko langu, aione. Alhamisi baada ya darsa wanawake waje tunywe. Rukia hatakuwa mpweke, hatakwenda Mombasa. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa imefika, kwa hiyo pesa si neno. Nimemwapisha Saumu asimwambie. Saumu akacheka sana. Sikuona cha kuchekesha.

Amenitumia picha kwenye simu. Ni dude. Limekaa kama sefu ya benki, lang'aa, lina saa mbili za presha usoni kama mato yakutazamayo. Ndani mna boila mbili. Moja ya maji ya kahawa, nyingine ya mvuke wa kupigia maziwa povu, na zote zafanya kazi wakati mmoja. Mume wa Mama Nuru ni baharia, aliinunua bandari gani sijui. Jina lililoandikwa mbele sijaliona popote duniani. Saumu mwenyewe hawezi kulitamka.

Nimemwambia Bwana Omari wakati wa chakula. Akaacha kutafuna.

"Boila mbili za nini, Mama Saumu? Wafungua hoteli?"

Nikamwambia ni ya nyumbani.

"Nyumbani hapa tuko wawili."

Yeye kahawa yake ni ya barazani baada ya maghribi, chungu, tangawizi hadi machozi, katika vikombe visivyo na mkono. Miaka yote hiyo sijawahi kuonja kahawa ya barazani. Mimi huletewa habari tu. Nilitaka kumwambia hayo. Nikampa mchuzi zaidi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimefunga. Nimekwenda kwa fundi Lali, yule wa feni na redio, nikamwonyesha picha. Akalitafuta lile jina kwenye simu yake kwa muda mrefu, huku kakunja uso.

"Bi Esha, hii kampuni hata mtandaoni yaona haya kujitokeza. Ikiharibika, spea utaagiza mbinguni?"

Nikamwambia mbinguni hakuharibiki kitu. Akaendelea. Maji yetu ya mfereji yana chumvi, yataota ukoko ndani ya boila. Stima yetu jioni hulegea. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Boila mbili, Mama, ni wake wawili. Kila mmoja ataka haki yake."

"Wewe hata mmoja huna," nikamwambia. Wateja wakacheka. Lali naye akacheka. Mtu mwema, ila mdomo.

Lakini la maji limenitia wasiwasi. Nimerudi nyumbani nikachungulia ndani ya birika langu la chai. Ukoko mweupe kama lililopakwa chokaa. Kweli ile mashine yataka maji matamu. Jabia letu la mvua uani bado lina maji, tangu vuli. Nitatumia hayo. Mtume kasema ufunge ngamia kisha utawakali. Mimi ngamia wangu nimemfunga.

Nina furaha ya kijinga. Nimeimba kasida nikikaanga mahamri mpaka Bwana Omari akauliza kuna harusi gani.

Jumamosi, 18 Januari

Asubuhi Rukia aliniita dirishani. "Ndoo huku, Esha, ndoo." Nikaenda.

Kafungua masanduku. Nguo zote nje, kitandani, zimekunjwa kwa mafungu. Basi ahama kweli. Sikuuliza. Tukaongea habari za samaki, za mtoto wa Saumu kuota meno, za mwalimu wetu wa darsa ambaye sauti yake imekauka na bado ataka kusoma mwenyewe. Rukia ni yule yule, akimwiga mwalimu mpaka mbavu zangu zauma, lakini kakonda na ana jambo alificha. Namjua. Akificha jambo hukuna sikio.

Katikati ya mazungumzo akaniuliza maji ya jabia langu yamebaki kiasi gani. Nikamwambia yapo. Akasema lake pia linayo, alhamdulillahi. Basi. Nikafikiri, huyu apima maji ya kuachia nyumba, nani atayatumia akiondoka. Simu yake ikalia, akaitazama, akaikata upesi na kuigeuza kifudifudi. Bila shaka Swaleh, amharakisha.

Nimerudi nikakaa kwenye ngazi. Bwana Omari akapita na ubao, akasimama, akaniuliza goti. Nikamwambia ndiyo, goti.

Jumapili, 19 Januari

Saumu tena. Kuna mtu mwingine ataka mashine.

"Nani?"

"Mtu tu, Mama."

"Mtu gani wa tu? Mwanamume au mwanamke?"

"Mama, nimepewa amana. Nawe uliniapisha yako, si nimeinyamazia?"

Nikauliza basi mwisho lini. Mama Nuru ataka neno la mwisho Ijumaa. Atakayesema kwanza ndiye.

Nimemchukia mtu nisiyemjua. Nimemwona kabisa: mwanamke mnene wa Nyali, bangili mpaka kwenye kiwiko, jikoni kwake kuna msichana wa kumpigia povu. Yeye ana mikahawa kila kona, mashine ya nini? Astaghfirullah. Nimeswali rakaa mbili na bado namchukia kidogo.

Ningesema ndiyo leo leo. Lakini kuna jambo lanisumbua. Sijawahi kuigusa mashine ya namna hii kwa mkono wangu. Mama Nuru ndiye aliyekuwa akiiendesha. Nikiinunua kisha nikaishindwa, mbele ya Rukia, mbele ya wanawake wa darsa, na Bwana Omari juu ya hayo? Ndugu yangu Famau ni mpishi wa nyumba ya wageni Shela. Ana mashine, ya boila moja. Nitakwenda nijaribu.

Jumanne, 21 Januari

Aibu. Nitaiandika upesi nimalize.

Nimetoka mapema kabla ya jua kali, nikaenda kwa miguu ufukoni, maji yalikuwa yametoka. Famau alikuwa ameomba ruhusa kwa mwenye nyumba, naye karidhia. Sikutaka kutumia kahawa ya watu. Nikachukua yangu, ya duka la hapa mtaani, ile ile apendayo Bwana Omari. Famau alikuwa ashughulika na mayai ya wageni, akanionyesha haraka: jaza hapa, gandamiza, funga, bonyeza.

Nikajaza. Nikagandamiza kwa nguvu zote za mkono wa mtu akandaye unga. Nikabonyeza.

Mashine ikanyamaza. Kisha ikanguruma. Kisha ikakohoa kama mzee wa pumu, na matope ya kahawa yakaruka ukutani, kwenye leso yangu, kwenye mayai ya Mzungu. Harufu ya tangawizi ikajaa nyumba nzima.

Famau akachukua pakiti yangu, akanusa. Akanitazama.

"Dada. Umeipa dawa ya mafua."

Kahawa ya dukani kwetu husagwa pamoja na tangawizi na hiliki. Kila mtu ajua. Mimi pia najua. Lakini haikunipitia akilini kwamba kuna kahawa isiyokuwa na tangawizi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kahawa, kama vile bahari ni ya chumvi. Nyuzi za tangawizi zimeingia kwenye vitundu vyote. Tumekaa mpaka adhuhuri, Famau na mimi, twavizibua kwa sindano ya kushonea. Wageni wamepewa chai. Mmoja alinusa akasema nyumba yanukia vizuri sana, akauliza kama ni ubani.

Kisha Famau akanifanyia kikombe cha kahawa tupu isiyo na kitu. Ya boila moja husubiri: kahawa kwanza, halafu ingoje ipate joto la mvuke, halafu maziwa. Kahawa ikapoa ikingoja maziwa. Hapo nikaelewa boila mbili ni za nini. Na nikaitaka zaidi. Hilo ndilo lililonisikitisha njiani kurudi, kwamba nimeaibika na bado naitaka.

Ijumaa, 24 Januari

Nimeswali istikhara siku tatu, Mungu anichagulie. Sikuota ndoto yoyote. Lakini asubuhi, baada ya Suratul Kahf, nimejiona kama mtu anavyojiona kwenye maji yaliyotulia.

Mosi. Nilisema mashine ni ya Rukia. Uongo. Naitaka mimi. Nataka kukaa kitako jikoni kwangu na kikombe chenye povu na nisimkaangie mtu kitu. Si dhambi, lakini si Rukia.

Pili. Nimetaka kumfunga mtu mzima kwa kahawa. Swaleh ni mwanawe. Mtoto ana haki ya mamake na mama ana haki ya kutazamwa. Mimi ni jirani. Nani kanipa ruhusa ya kusimama kati?

Nimempigia Saumu. Nikamwambia mpe huyo mwingine, Mungu amnufaishe nayo. Saumu akataka nirudie. Akauliza, "Kweli, Mama? Hutaghadhibika?" Nikamwambia sitaghadhibika. Akasema haya, na sauti yake ilikuwa na kitu kama cha mtu abanaye kicheko. Watoto wa siku hizi. Nimekata simu nikalia kidogo juu ya karai. Nimeusingizia moshi.

Alasiri Bwana Omari kaniita chini. Kwenye karakana yake kasimamisha kimeza cha mti wa mkoko, kifupi, miguu minene, kimechongwa ua pembeni.

"Chuma kile kizito," akasema. "Meza yako ya jikoni yayumba. Nimekadiria kwa ile picha."

Siku zote zile alikuwa akinicheka na huku achonga. Nikamwambia nimeghairi. Akakitazama kimeza, akakipangusa vumbi kwa kiganja. "Basi utawekea mahamri," akasema. Akaenda kuswali.

Mume wangu ni mtu mwema. Sikumwambia hivyo. Nitamwambia.

Jumamosi, 25 Januari

Swaleh kafika. Nimemwona kutoka dirishani, na punda nyuma yake, na juu ya punda katoni kubwa limefungwa kamba. Maboksi ya kuhamia. Wamelipandisha ngazi wanaume wawili wakisema taratibu, taratibu. Vyombo vya kaure vya Rukia bila shaka vitaingia humo, vile vya bibi yake.

Sikwenda. Wala jana sikwenda. Nilisema nina mafua. Rukia alinyosha mkono dirishani na bakuli la supu, nikapokea bila kumtazama usoni. Sikupenda nafsi yangu leo.

Jumatano, 29 Januari

Haya. Niandike kwa utaratibu, bado nacheka.

Rukia kamaliza eda. Alasiri wanawake tulikusanyika kwake, tukasoma, tukamwombea marehemu, tukala. Kavaa kanzu ya kijani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu ya kumuaga, nimeyapanga vizuri, yana hadithi moja na aya moja. Watu walipotoka akanishika mkono akanivuta jikoni.

Juu ya meza, inang'aa, mato mawili ya presha yanitazama.

Nilishika mlango. Rukia akadhani nimeshangaa kwa furaha. Akaanza kunieleza kwa haraka, akikuna sikio, kwamba ni ile ile ya Mama Nuru, kwamba kulikuwa na mtu mwingine king'ang'anizi mno aliyetaka kumpokonya, mpaka siku ya mwisho.

"King'ang'anizi?" nikasema.

"Saumu kakataa kunambia ni nani. Nimemlaani, Mungu anisamehe."

"Umemlaani vipi?"

"Kidogo tu. Maziwa yake yaungue."

"Yameungua," nikamwambia. "Jumatatu. Sufuria nzima."

Akanitazama. Kisha akakaa chini, sakafuni, na kanzu yake ya kijani, akacheka mpaka Swaleh akaja mbio akidhani mamake kaanguka. Nami nikamwambia alivyokuwa yule mwanamke wa Nyali, na bangili zake. Swaleh akatutazama, akasema, "Khalati Esha, mmekuwa hivi tangu utotoni?" Akarudi chumbani.

Tulipotulia nikamuuliza. Mashine ya nini, nawe wahama? Akaniambia hahami. Nguo zile alizokuwa akizikunja ni za marehemu, za kutoa sadaka. Swaleh alimtaka Mombasa, na yeye alikuwa na sababu moja tu ya kukubali. Sasa haya aliniambia akitazama mikono yake, na mimi nayaandika kama alivyosema.

"Ukiwa edani watu huja, Esha. Kila siku mlango wagongwa. Eda ikisha kila mtu arudi kwake, zabaki kuta. Nimeona kwa mamangu. Nikasema, wewe una mume, una mahamri, una goti. Utakuja mpaka lini? Nikatafuta kitu cha kukuleta."

Alinunua dude la chuma lisilojulikana jina ili mimi nije. Mimi, ambaye nimekwenda kwake bure tangu hatujaota meno ya utu uzima. Nilimgombeza. Nilimwambia ni mjinga wa mwisho Amu nzima. Kisha nikamwambia mimi ni wa pili, nikamweleza na yangu yote, hata Shela. Swaleh amekubali mamake abaki. Yeye atakuja Idi na watoto.

Basi tukaiwasha. Rukia akatoa pakiti ya kahawa, nikaudaka mkono wake kwa ukali kama ninavyodaka mtoto karibu na karai. Pakiti ya duka lile lile. Tangawizi na hiliki. Tukatafuta nyumba nzima, tukamtuma Swaleh kwa majirani. Mtaa mzima hakuna kahawa tupu hata chembe. Mashine ya boila mbili imewaka, yavuma, mvuke tayari, na kahawa hakuna.

Tukapiga maziwa povu, tukatia sukari, tukala kwa kijiko na halwa. Bwana Omari katumwa alete kile kimeza. Kapewa na yeye bakuli la povu. Akasema ni kitu cha watoto. Akamaliza.

Jumamosi, 8 Februari

Shaabani imeingia. Wiki chache, Ramadhani, tukijaaliwa. Upepo mdogo leo, kichochoro kimya.

Famau kaleta kahawa kutoka Shela, tupu, isiyo na kitu. Rukia alikuja mwenyewe asubuhi, kwa mlango. Buibui, uturi kidogo. Tukashuka sokoni polepole kwa ajili ya goti langu. Kila mtu alitaka kumsalimia, tukachelewa, samaki wazuri wakawa wamekwisha. Tukanunua mboga.

Tulipanda kwake. Kikombe cha kwanza kilikuwa kichungu kama shubiri. Cha pili tukapunguza kugandamiza, kikatoka vizuri. Hatukuongea mengi. Alinionyesha shati moja la marehemu alilolibakiza, akalirudisha sandukuni. Tukasikia nyundo ya Bwana Omari kule chini. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali pamoja, tukarudi kuosha vikombe.

Maziwa yakauka kwenye bomba la mvuke, yaanza kuliziba. Hatujui lasafishwa kwa kitu gani. Nimemwandikia Saumu kwenye simu, Rukia kainama begani kwangu asahihisha:

Saumu mwanetu, sisi wazima. Muulize Mama Nuru bomba la maziwa husafishwa vipi, na kama siki yafaa. Sindano tumeikataa. Tujibu upesi.